Usaili wa kundi kwa kazi ya kuuza safari: namna ya kupita bila kupiga kelele

Kama umepata meseji inasema "umealikwa kwenye usaili wa kundi" kwa kazi ya kuuza tiketi na safari, kwanza hongera maana sivii yako ishapita, pili tulia, usianze kutafuta maneno makubwa ya kukariri. Mimi nimekaa kwenye usaili wa namna hii mara mbili kama muomba kazi, wa kwanza nikaanguka vibaya, wa pili nikapita, alafu baadae nikiwa kazini nikaitwa kukaa upande wa pili, yule mtu wa pembeni mwenye karatasi na kalamu asiyeongea. Huko ndo nikaelewa vizuri kwa nini nilianguka. Ntakupitisha hatua kwa hatua, pengine ntachepuka njiani, nivumilie.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini mmewekwa wengi

Kazi yenyewe unaifanya ukiwa katikati ya watu siku nzima, mteja yuko mbele yako, simu inaita, mwenzako wa meza ya pili anakuuliza ile hoteli ya jana inaitwaje, sasa wanataka wakuone ndani ya fujo hiyo hiyo, sio ukiwa peke yako unajibu maswali uliyojifunza mbele ya kioo. Mara nyingi mnakuwa kama 8 mpaka 15, waangalizi wawili watatu, na inakula kama nusu siku. Kila mwangalizi anafuatilia watu wachache na ana karatasi yenye safu za vitu vya kupimwa. Majina yanatofautiana ila vitu ni vile vile: kusikiliza, kuuliza, kushirikiana, kujieleza ukaeleweka, kutulia ukibanwa, na kama una roho ya kuuza.

Kitu ambacho mi sikukijua ni kwamba karatasi ya kila mtu inajazwa kivyake. Hakuna safu imeandikwa "aliongea kuliko wote". Wanaweza kuchukua wanne kwenye chumba kimoja na wanaweza wasichukue hata mmoja. Kwa hiyo huyo uliyekaa naye bega kwa bega sio mpinzani wako kivile unavyodhani, na ukimzima haupandi hata nukta.

Usaili wangu wa kwanza niliongea mpaka koo likakauka. Kila wazo la mwenzangu nililirukia kabla halijaisha, nikatoka pale nimevimba kichwa najua nimepata, siku mbili baadae ikaja ile barua ya "tunasikitika". Nilipokuja kushika karatasi mwenyewe nikamuona mimi wa zamani amekaa kiti cha tatu, kijana mchangamfu, kapiga maneno dakika nne mfululizo, na kwenye safu ya kuuliza maswali nikamwekea sifuri maana kweli hakuuliza hata moja. Iliniuma kuandika ile sifuri lakini ndo hali halisi.

Hatua ya pili: wiki moja kabla

Jua wanauza nini hasa. Kampuni za safari hazifanani, kuna zinazoishi kwa tiketi za ndege, kuna zinazouza ndege na hoteli kwa kifurushi kimoja, kuna za meli za kitalii, na kuna zinazohudumia safari za kikazi tu ambapo mteja ni ofisi na anachotaka ni kuondoka leo jioni na kubadilisha tarehe kesho asubuhi. Ukienda kwa hawa wa kikazi ukaanza kuongelea fukwe utaonekana umepotea njia. Ingia tovuti yao, alafu kama unaweza wapigie kama mteja wa kawaida kuhusu safari ambayo kweli unaifikiria, sikiliza wanavyokuhoji, wanauliza nini kwanza, bei wanaitaja wakati gani. (Usimchezee mtu saa nzima lakini, yule anakula kwa kamisheni, dakika tano zinatosha.)

Alafu jiografia. Hapa wengi wanadharau. Kuna sehemu wanakupa ramani tupu, kuna sehemu wanakupa kodi (yaani misimbo) za herufi tatu za viwanja vya ndege uandike miji, na hata wasipokupa karatasi yoyote itajitokeza tu kwenye mazoezi. Usijaribu kumeza dunia nzima, chukua yale ambayo ukikosea unamharibia mteja safari:

Miji yenye viwanja zaidi ya kimoja. London peke yake ina LHR, LGW, STN, LTN, LCY na SEN. Tokyo ina NRT (Narita) na HND (Haneda), Paris CDG na ORY, New York ina JFK na LGA na hiyo EWR ambayo iko jimbo la jirani la New Jersey. Mteja akitua Narita alafu ndege ya kuunganisha inatoka Haneda, ana safari nyingine ya barabarani au treni katikati na mabegi yake, na kama umempa saa mbili umemuua. Kodi zingine hazifanani na mji wenyewe, Chicago ni ORD kwa sababu zamani uwanja ule uliitwa Orchard Field, na za Kanada nyingi zinaanza na Y, YYZ Toronto, YVR Vancouver, YUL Montreal.

Majina pacha. San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Birmingham ya Uingereza BHX, ya Alabama BHM. Granada iko Hispania, Grenada ni kisiwa cha Karibea. Dakar iko Senegal, Dhaka iko Bangladesh. Msichekeane, hii makosa watu wameshayafanya kweli na abiria wakajikuta bara lingine kabisa, kwa hiyo mwangalizi akisikia umeuliza "San Jose ipi?" wala hahitaji kukuuliza jiografia tena.

Saa. Kwenye tiketi saa ya kuondoka ni ya pale unapoondokea na saa ya kufika ni ya kule unakofika, ndo maana mtu anaweza kuondoka Auckland jioni akafika Los Angeles mchana wa siku hiyo hiyo, amevuka mstari wa tarehe. Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Tiketi imeandikwa 00:30 tarehe 15, mteja anasoma moyoni "saa sita na nusu usiku wa tarehe 15", anakuja uwanjani tarehe 15 usiku, ndege imeshaondoka usiku wa kuamkia hiyo hiyo 15. Ukiwa kwenye igizo la kuuza (msaili anajifanya mteja, tutafika hatua ya sita) ukatokea muda kama huo, mwambie mteja waziwazi "uwe uwanjani tarehe 14 usiku, saa tatu hivi". Hiyo sentensi moja inakuonyesha kama mtu aliyewahi kubeba lawama.

Misimu na karatasi. Desemba Sydney ni kiangazi chenye joto, kimbunga cha Atlantiki msimu wake rasmi ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba kwa hiyo ukiona Karibea ya Septemba bei ni rahisi ujue sababu ni hiyo, na masika makubwa ya India ni Juni mpaka Septemba. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao) mgeni anakaa siku 90 ndani ya kila siku 180, Uswisi iko ndani japo haiko Umoja wa Ulaya, Ireland iko Umoja wa Ulaya lakini haiko Schengen. Vitu kama hivyo kumi na tano tu ukivijua vizuri unatosha.

Hatua ya tatu: siku yenyewe, kuanzia mlangoni

Fika dakika 15 kabla. Sio nusu saa, utawakuta hawajapanga viti. Salimia kila mtu, pamoja na yule wa mapokezi, sehemu nyingi mapokezi anaulizwa baadae "huyu alikuwaje". Mkiwa mnasubiri usizame kwenye simu, ongea na watu, jua majina mawili matatu, maana nusu saa baadae utakuwa nao kwenye kundi na kumwita mtu kwa jina lake badala ya "huyu mwenzangu" kunabadilisha kabisa sura ya mazungumzo. Mavazi, nadhifu kama mtu unayeweza kumwachia pesa yako ya likizo, basi.

Hatua ya nne: kujitambulisha

Hapa kuna aina mbili. Ya kwanza unasimama dakika moja unajieleza. Usisome sivii. Jina, unachofanya sasa, jambo moja ulilowahi kumuuzia au kumsaidia mtu akafurahi, kaa chini. Dakika moja ni fupi kuliko unavyofikiri, ijaribu nyumbani na saa mkononi.

Ya pili ndo tamu. Mnaongea wawili wawili dakika tatu alafu wewe unamtambulisha mwenzako na yeye anakutambulisha wewe. Watu wote wanatumia zile dakika kujieleza wenyewe ili mwenzao awaseme vizuri, wakati kinachopimwa ni ulivyomsikiliza yeye. Kwa hiyo muulize maswali mazuri, sio "unatoka wapi una miaka mingapi", muulize "ni safari gani iliyokuharibikia na ulifanyaje". Ukisimama ukasema "huyu ni fulani, aliwahi kukwama uwanjani usiku kucha akaishia kuwapangia abiria wengine foleni", chumba kizima kinamkumbuka yeye, na mwangalizi anakukumbuka wewe. Andika jina lake vizuri tu, kumkosea jina mtu uliyemhoji dakika mbili zilizopita ni aibu ambayo haifutiki.

Na lile swali la ajabu, "ungekuwa nchi ungekuwa nchi gani", jibu lolote lenye sababu linafaa, usikae kimya dakika nzima ukitafuta la kipekee.

Hatua ya tano: zoezi la kundi

Mnapewa karatasi, dakika 25 hivi, mwisho mtu mmoja aeleze mlichokubaliana. Mfano wa zoezi lenyewe: familia ya watu sita, bibi, wazazi wawili, watoto wawili wakubwa na mdogo, bajeti 9,000, siku 8, muwapangie likizo. Kinachotokea ni kile kile kila mara, sekunde kumi tu mtu kashataja nchi, mwingine kataja yake, wanaanza kubishana ipi nzuri, na karatasi hakuna aliyeisoma mpaka mwisho.

Sasa we fanya kitu cha kijinga kabisa kwa kukiangalia, sema "naomba niisome kwa sauti tusikose kitu". Kwa sababu hizi karatasi zina mitego ndani. Pasipoti ya bibi inaisha miezi minne baada ya kuondoka, hiyo safari ya nchi inayodai miezi 6 imekufa tayari. Mtoto mdogo ana mwaka mmoja na miezi kumi na moja, chini ya miaka 2 anapakatwa na nauli yake huwa ndogo, mara nyingi kama asilimia 10 ya mtu mzima, ila kama anatimiza miaka 2 wakiwa huko huko basi kurudi anatakiwa awe na kiti chake. Na siku 8 ni usiku 7 wa hoteli, sio 8, utashangaa wangapi wanapigia hesabu usiku 8 alafu wanalalamika bajeti haitoshi.

Alafu hesabu. Tuseme mmeamua wote wahesabiwe kiti, 900 mara 6 ni 5,400. Vyumba vitatu vya 120 kwa usiku 7 ni 2,520. Mmefika 7,920. Bima ya safari 40 kwa kila mtu ni 240, zinabaki 840 za usafiri wa kutoka uwanjani na matembezi. Mtu mwenye kalamu anayesema kila baada ya dakika chache "tumebakiwa na kiasi hiki" ana nguvu kuliko anayepiga hotuba, na kazi ya kalamu hakuna anayeigombania, kwa hiyo ichukue. Mtunza muda pia ni nafasi nzuri ila usiwe kengele tu, ukitangaza "dakika tano zimebaki" ongeza "kwa hiyo tuamue hoteli sasa, matembezi tutaweka mawili".

Kuna watu wawili utakutana nao. Wa kwanza ni tingatinga, anaongea juu ya kila mtu, yaani mimi wa kwanza. Usishindane nae sauti. Subiri avute pumzi, chukua kitu kimoja alichosema, kiunganishe na mwingine, "hilo la kisiwa ni zuri, na nilimsikia dada hapa akitaja bibi hawezi kutembea sana, dada ulikuwa unafikiria sehemu gani?" Umempa heshima yake na umefungua mlango kwa mwingine kwa pumzi moja. Wa pili ni yule kimya. Muite, lakini muite kwa sababu ya kweli. Ile ya "na wewe unasemaje?" inayorushwa kwa kila mtu mmoja mmoja kama sensa waangalizi wameshaijua, inaonekana kabisa ni ya maksi.

Kama wewe mwenyewe ndo kimya, usijilazimishe kuwa mchekeshaji. Ingia mapema, ndani ya dakika tatu za mwanzo, hata kwa swali dogo tu, maana ukichelewa unajikuta kila dakika inayopita kuongea kunakuwa kugumu zaidi. Sentensi tatu zenye namba au swali zinatosha kukujazia karatasi.

Wengine hawakupi safari, wanakupa lile zoezi la kunusurika, mmeanguka mwezini na vitu 15 mvipange kwa umuhimu. Hili limetokana na NASA na jibu lake linajulikana, oksijeni ya kwanza, maji ya pili, kiberiti cha mwisho kwa sababu hakuna hewa ya kuwashia, na dira ya sumaku iko karibu na mwisho maana mwezi hauna ugasumaku wa kuielekeza. Ukilijua jibu usilitapike lote, waeleze sababu ya kimoja kimoja mjadala ukifika pale. Wanaangalia mnavyofikia makubaliano, hakuna anayewapeleka mwezini. Ujenzi wa mnara kwa karatasi na gundi nao ni mule mule, mnara ukianguka cheka, jenga tena.

Hatua ya sita: igizo la kuuza

Hapa ndo panapoamua, mengine yote yaliyopita ni ya kupasha moto. Msaili anakaa anakuwa mteja, wewe ni muuzaji, dakika tano mpaka kumi, wakati mwingine mbele ya wenzako wote. Na kumbuka wakati mwenzako yupo mbele na wewe umekaa unatazama, bado unatazamwa. Anayecheka akikosea mwenzie nimeshamwandika.

Mteja anaanza hivi, "nataka likizo, sehemu ya bahari, mimi na mke wangu." Nane kati ya kumi niliowaona wanalipuka hapo hapo, tuna Maldives, tuna Mauritius, tuna Bali, ofa iko mpaka mwisho wa mwezi. Wameuza kabla hawajajua wanamuuzia nani. Yule aliyepita siku ile, dada mmoja mpole hivi, alisema tu:

"Karibu kaka, kaa. Mara ya mwisho mlienda wapi pamoja?"

"Aah, sehemu moja hoteli kubwa, watoto wa watu wanapiga kelele kila kona, mke wangu hakulala."

"Pole. Na kipi mlikipenda huko?"

"Maji. Yeye anapenda kuogelea, mimi sijui kuogelea kabisa."

"Safari hii kuna kitu mnasherehekea au mnapumzika tu?"

"Tunatimiza miaka kumi ya ndoa."

Maswali matatu tu. Sasa anajua hoteli ndogo ya watu wazima peke yao, maji ya kina kifupi, na kuna sherehe kwa hiyo anaweza kuomba chumba kizuri zaidi na akakiuza bila kusukuma. Yule kaka aliyekuwa anaigiza mteja aliniambia baadae alisahau kama anaigiza.

Ukishauliza, rudia kwa ufupi ulichosikia, "kwa hiyo mnataka utulivu, maji ya kuogelea na ya kukanyaga, tarehe zinaweza kusogea siku mbili, na hampendi kuunganisha ndege usiku, nimekosea?" Bajeti usiiogope, uliza "tukae kati ya ngapi na ngapi ili nisikuonyeshe vitu visivyokufaa". Alafu toa chaguo mbili, sio sita, sema ipi ungeichukua wewe na kwa nini, taja bei, NYAMAZA. Huo ukimya unauma, utataka kuongeza "lakini tunaweza kupunguza", usiongeze, hajasema chochote bado.

Lazima atakuambia "mtandaoni nimeona rahisi kuliko hii". Wanaliweka kusudi. Usibishe, usiitukane mitandao, na usikimbilie punguzo. Muulize, "tuiangalie pamoja, hiyo ina begi la kupakia ndani yake? Inasimama wapi na muda gani? Ni tiketi moja au mbili?" Hapo kwenye tiketi mbili ndo penyewe. Tiketi mbili zilizonunuliwa kila moja peke yake, ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika la pili halina deni na wewe, unanunua upya, na mara nyingi begi inabidi ulichukue ulikabidhi tena, na wakati mwingine utahitaji viza ili utoke kulifuata. Ukimweleza mteja hivyo kwa upole umemuuzia usalama, bei haijashuka. Na kama kweli ya mtandaoni ni ile ile kila kitu na ni rahisi, sema ukweli ni nzuri, alafu muonyeshe wewe unaongeza nini, ndege ikiahirishwa saa nane usiku nani anapokea simu.

Bima ya safari usiiweke mwishoni kama omba omba, iingize mapema ukiuliza kuhusu afya na tarehe. Na ukiulizwa kitu hukijui, mfano viza ya nchi fulani, usitunge hata kidogo. "Hilo nalithibitisha ubalozini nakupigia kabla ya saa kumi leo." Nimewaona waliotunga kwa kujiamini, na msaili akawaacha waendelee tu, akitabasamu, kalamu inatembea.

Kufunga mauzo ndo watu wengi wanasahau, wanamaliza kwa "basi kafikirie". Funga kwa kitu kidogo cha kufanya, "nikushikie hivi viti viwili, nisomee majina kama yalivyo kwenye pasipoti". Jina kwenye tiketi lazima lilingane na pasipoti kwa hiyo hapo hapo umeonyesha unajua kazi. Akikataa, sawa, uliza nini kimebaki kinamtatiza. Mara mbili inatosha, ya tatu unakuwa kero.

Hatua ya saba: karatasi ya hesabu

Fupi. Asilimia, kubadilisha fedha, kamisheni. Mtego mmoja tu unaowaangusha watu: umenunua kwa 800 umeuza kwa 1,000, faida 200. Hiyo ni asilimia 25 ya ulichonunulia lakini ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Soma swali linataka ipi. Kwenye kubadilisha fedha jiulize kwanza jibu linatakiwa liwe kubwa au dogo kuliko ulilopewa, ndo ukokotoe.

Kama usaili ni wa video, mambo ni yale yale ila zima kelele zako, angalia kamera ukiongea, na kwa kuwa sauti zinagongana inua mkono au taja jina la unayemjibu. Zile sekunde mbili za kuchelewa kwa laini zinawafanya watu wapole waonekane wakorofi.

Hatua ya nane: yale mazungumzo ya watu wawili mwishoni

Wanaokubakiza wanakuita pembeni dakika kumi. Swali la kwanza, kwa nini kazi hii. Tafadhali usiseme napenda kusafiri. Chumba kizima kimeshasema, na kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti ukiwasafirisha wengine, Desemba watu wote wako ufukweni wewe uko kwenye simu na shirika la ndege umewekewa muziki. Sema kuhusu kuuza, mfano wa kweli hata kama uliuza nguo au vocha, uliuza nini, kwa nani aliyekuwa hataki, ulifanyaje. Watauliza kuhusu tageti, yaani kiwango cha mauzo unachopangiwa kufikisha, kama hukuwahi kuwa nayo useme, ila toa mfano wowote uliokuwa na namba na tarehe ya mwisho. Na watakuuliza "nani mwingine kwenye kundi ungemchukua?" Hapa usijitaje na usiseme wote wazuri. Mtaje mtu kwa jina na kitu alichofanya. Niliwahi kumpandisha mtu maksi kwa jibu hilo tu, maana alimtaja yule kimya na akakumbuka hesabu aliyoirekebisha.

Hatua ya tisa: baada

Jioni ile ile tuma ujumbe mfupi wa asante, mistari mitatu, taja jambo moja mahususi la siku ile. Kama jibu ni hapana, omba wakuambie safu gani ilikushusha, wengi wanajibu ukiuliza kistaarabu, mimi niliuliza wiki mbili baada ya kuanguka na nikajibiwa mstari mmoja tu, "hukuwauliza wenzako kitu chochote".

Kama jibu ni ndiyo, shusha presha kabla ya kusaini na uliza mambo manne kuhusu pesa. Mshahara wa msingi ni kiasi gani bila kamisheni. Kamisheni inahesabiwa kwenye bei ya mauzo au kwenye faida, maana kwenye ile 1,000 ya juu asilimia 10 inaweza kuwa 100 au 20. Inalipwa mteja akilipia au mteja akishasafiri, kama ni akishasafiri ujue unaweza kuuza Januari ukalipwa Agosti. Na mteja akighairi, ile uliyoshalipwa inakatwa kwenye mshahara wa mwezi gani. Hili la mwisho mimi sikuuliza, nikaja kuliona kwenye karatasi ya mshahara wa mwezi wa tano.